Walisema Mkono Wangu Ulilaliwa

Kabla ya yote naomba radhi. Mwandiko huu ni mbaya na kuna maneno ambayo najua nimeyakosea. Shule yangu iliishia darasa la nane, na herufi hizi naziandika kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kuandika chochote mpaka nilipokuwa msichana mkubwa. Mstari mmoja unanichukua muda. Nikichoka naweka kalamu chini na kuendelea kesho yake. Mkiona mahali habari imekatika ghafla, mjue ni mkono uliochoka.

Naandika kuhusu mkono wa kulia. Uliharibika kwa sindano ya chanjo, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniamini, hata mama yangu mzazi. Baadaye alitokea mtu wa hospitali akaketi na kunisikiliza. Nataka kueleza alivyosikiliza, na kwa nini haikutosha.

Wakati huo nilikuwa msusi. Saluni yetu ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu karibu na barabara ya Tom Mboya, chumba kimoja kirefu chenye vioo upande mmoja na madirisha yasiyofunguka upande wa pili. Wateja wengi walikuwa wanawake wa ofisini na wa benki. Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuwa za kila mtu, na mteja aliongea na simu yake tangu alipoketi mpaka alipoinuka, sisi tukisuka huku tukisikia mambo yake yote.

Rasta ndogondogo mtu mmoja hawezi. Akisuka peke yake mteja atakaa tangu asubuhi mpaka giza liingie. Kwa hiyo tulisuka wawili kichwa kimoja, mmoja kulia, mwingine kushoto, tukianzia kisogoni na kupanda mpaka tukutane utosini. Lazima mvuto wa mikono miwili ulingane. Mmoja akivuta kuliko mwenzake, mteja ataamka kesho kichwa kinamuuma upande mmoja na rasta za upande wa pili zinateleza. Ndiyo maana msusi huwa na mwenzake wa kudumu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumezoeana hata hatukuangaliana. Upande wangu ulikuwa wa kulia.

Mwenzangu alikuwa mkubwa kwangu, mama wa mtoto mmoja, na mdomo wake haukupumzika. Alikuwa akiongea kwa niaba yetu wote wawili. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza kama mimi ni bubu.

"Huyu?" akasema. "Huyu anahesabu nywele zako. Ukimwongelesha atasahau aanze upya, na wewe utalala hapa."

Niliipenda sana ile kazi. Mtu mwenye haya hawezi kupata kazi nzuri kuliko kusimama nyuma ya kichwa cha mtu. Hakuna anayekutazama usoni. Ikitokea unatazamwa, ni kwenye kioo, na unaweza kuinamisha macho ukajifanya unatafuta kitana.

Tulikuwa tukiishi Uthiru, mimi na mama peke yetu, katika chumba cha kupanga kwenye ploti yenye bomba moja la maji uani. Mama alikuwa akipika na kufua katika nyumba moja ya mtaa wa Mountain View. Jumapili moja jioni nilikuwa nikichota maji nikakanyaga ukingo wa bati lililokuwa limeachwa chini na mafundi. Lilinikata kwenye unyayo. Mama alinisafisha kwa maji ya chumvi, na kesho yake asubuhi akanipeleka kliniki kabla hajaenda kazini. Alikuwa akiogopa pepopunda. Alipokuwa mtoto alimwona mtoto wa jirani akifa kwayo, mgongo umepinda kama upinde, na hadithi hiyo alinisimulia tangu nikiwa mdogo. Nasema hili ili msidhani alikosea kunipeleka. Hakukosea.

Mama aliniacha kwenye foleni akakimbilia kazi. Chumba cha sindano hakikuwa na pazia. Benchi la wanaongoja lilikuwa ndani humohumo, limejaa akina mama na watoto na wanaume wawili watatu. Muuguzi alikuwa dada wa umri mdogo, mpole, jasho likimtoka kipajini. Sindano ilipoingia niliona kama nimegusa waya wa stima. Moto ulitoka pale ukashuka mkono mzima hadi kwenye kidole gumba. Niliruka. Muuguzi aliniambia nisiwe mwoga, mtoto aliyenitangulia hakulia hata kidogo. Watu wa kwenye benchi wakacheka.

Jioni hiyo kifundo cha mkono kiligoma kuinuka. Kiganja kilining'inia. Vidole viliweza kukunjika lakini havikuweza kunyooka. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi nilienda kazini nao hivyohivyo. Mwenzangu aliushika, akauinua, akauachilia, nao ukaanguka.

"Jameni, njooni muone," akawaita wengine. "Mkono umekuwa wa askofu. Nani anataka kubusu pete?"

Saluni nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Alipoona nimejaribu kushika unywele wa bandia na vidole vikauachilia, aliacha kucheka. Alianza kusuka upande wake haraka, kisha akawa anavuka na kuja kunisaidia upande wangu, akijifanya anakuja kuchukua mafuta au kitana. Tuliendelea hivyo siku kadhaa. Kile kidogo nilichosuka mimi kilikuwa kimelegea. Mteja mmoja kutoka Woodley, mwalimu, alirudi kabla ya wiki kwisha, akavua kitambaa mbele ya kioo. Upande wa kushoto ulikuwa safi. Upande wa kulia rasta zilikuwa zimefumuka kwenye mizizi kama kikapu kilichooza.

Mwenye saluni hakunigombeza. Alinipeleka kando akaniambia niende nitibiwe, nitarudi nikipona. Nilimwambia sawa. Nilichukua kitana changu na ndala zangu.

Kliniki nilirudi na mama. Safari hii tulimwona daktari wao, mwanamume wa makamo, na foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliushika mkono wangu, akaniambia niuinue, ukakataa. Kisha akauliza mama akiwa amekaa hapo hapo.

"Jumapili usiku ulilala wapi?"

Nikasema nyumbani.

"Ulikuwa umekunywa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuna mtu aliulalia huu mkono?"

Sikuelewa swali. Nilimwambia ni sindano, iliniunguza mpaka kwenye kidole. Alisema sindano ya pepopunda wanachomwa watu kila siku, na kama ingekuwa inalegeza mikono, barabara nzima ya Waiyaki Way ingekuwa imejaa mikono iliyolegea. Halafu akamgeukia mama akamweleza kwa upole, kama mtu anayesaidia. Alisema mkono wa namna hii wanauona kwa walevi waliolalia kiti, na kwa watu waliooana juzi. Mtu akikilaza kichwa chake kwenye mkono wa mwenzake usiku kucha, asubuhi mkono unakuwa umekufa ganzi na kulegea. "Usiwe na wasiwasi, mama," akasema. "Utarudi wenyewe."

Mama alimshukuru. Njiani alitembea mbele yangu, haraka, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mimi usiku ule wa Jumapili, pazia moja likitutenga na jiko. Alijua nilipokuwa. Lakini daktari alikuwa amesema, na mama alimwamini daktari kuliko kumbukumbu yake mwenyewe. Na labda alifikiria usiku mwingine, au mchana, au ile saluni ya mjini ambayo hakuwahi kuipenda. Alipofunga mlango wetu aliuliza neno moja tu.

"Nani?"

Nilianza tena habari ya sindano, na ile haya yangu ikanifanya niseme nikiangalia chini, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeficha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo.

Kwetu, mambo ya namna hiyo msichana haulizwi na mama yake. Anaulizwa na shangazi. Kwa hiyo shangazi yangu akaitwa. Alikuja Jumamosi, na ndizi kwenye kiondo, amevaa kitambaa cha akina mama wa kanisa. Mama alitoka nje akaenda kukaa bombani. Shangazi alinimenyea ndizi kwanza, kwa kuwa alijua siwezi kumenya, na akangoja nimalize kula.

"Sema tu jina lake," akaniambia. "Hakuna atakayekupiga. Tunataka kujua ni mtu wa wapi, tumwite tuongee. Si ndiyo, mama?"

Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi, na siku zote aliniita hivyo kwa mapenzi. Nikamwambia hakuna mtu. Alisema sawa, na akauliza tena. Aliuliza mpaka chai ikapoa. Nawaambia ukweli, ilifika mahali nikaanza kutafuta jina la kumpa. Nilimfikiria kijana aliyekuwa akiuza magazeti chini ya saluni, ambaye sikuwahi hata kumsalimu. Niliona nikilitamka jina lake shangazi atainuka, mama ataingia ndani, na usiku huo nitalala. Kilichonizuia ni kwamba sikulijua jina lenyewe.

Baada ya hapo mama hakuniuliza tena. Alinipakulia chakula, alinifungia vifungo vya gauni, alinifulia, yote bila kuniangalia usoni. Afadhali angenipiga.

Miezi ikapita. Nyama ya nyuma ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ikaanza kukonda. Jambo lililonishinda kuliko yote lilikuwa salamu. Mtu mzima akikunyoshea mkono wa kulia, utampa nini? Wa kushoto ni matusi. Wa kulia nilikuwa nikiuinua kwa kuushika kwa wa kushoto, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu kilichokufa, na mtu akikishika anaachilia haraka na kujifuta kwenye nguo bila kujua anajifuta. Kanisani kwetu watu husalimiana wote wakitoka, mstari mrefu hadi kwenye geti. Niliacha kwenda. Akina mama wakaelewa kuacha kwangu kwa namna yao.

Aliyenitoa pale ni mwenzangu wa saluni. Alikuja Uthiru Jumapili moja mchana na mtoto wake mgongoni, akauliza ploti kwa ploti mpaka akanipata. Alipousikia mkasa wote alimgeukia mama.

"Mama, kwa heshima," akasema. "Mimi nashinda na huyu kutoka asubuhi. Huyu akiona mwanaume ameingia saluni anajificha nyuma ya draya ya nywele. Fundi wa stima alikuja siku moja, akajifungia choo. Sasa huyo mtu wa kulalia mkono angemfikia na ngazi ama?"

Mama hakucheka. Lakini wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini akanipeleka hospitali kubwa.

Huko tulizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, mwisho tukafika chumba cha mazoezi ya viungo. Aliyekuwepo alikuwa mwanamke mrefu, miwani imepandishwa juu ya nywele, sweta limevaliwa juu ya koti jeupe kwa ajili ya baridi ya Julai. Kila mtu alimwita daktari. Alikuwa na sauti kubwa, na tulipokuwa tukingoja tulimsikia akiwakaripia wasaidizi wake na kumkaripia mzee mmoja aliyekataa kukunja goti. Nilitaka tuondoke.

Tulipoingia alivuta viti vitatu akavipanga karibukaribu. Nilimnyoshea mkono, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea, waushike, wauinue, wauangushe. Hakuupokea.

"Leo siugusi," akasema. "Kwanza nataka kusikia. Niambie tangu mwanzo, taratibu, mimi sina haraka."

Mama akaanza, "Daktari, huyu mtoto alikuwa amelal..."

"Mama, nitakuuliza wewe pia. Saa hii ni yeye."

Sikuweza kusema. Mlangoni watu walikuwa wakichungulia na kumwita. Aliwapungia mkono waende, hakugeuka. Hakuniharakisha wala hakunitajia maneno ya kusema. Aliweka mikono yake mapajani akangoja, na uso wake haukuonyesha kwamba anangoja. Sijui tulikaa muda gani. Kisha nikaanza, na nilipoanza sikuacha. Nilisema bati, chumvi, benchi, waya wa stima, askofu, mwalimu wa Woodley, ndizi za shangazi, na nilitaja hata yule kijana wa magazeti. Sijawahi kuongea hivyo kabla wala baada. Mama alikuwa akitazama sakafu.

Nilipomaliza alinipa kifuniko cha kalamu. Alikunja sweta lake na mkono wa koti.

"Nichome mimi," akasema. "Palepale ulipochomwa."

Nilimgusa nyuma ya mkono, chini, katikati ya bega na kiwiko. Aliangalia pale kwa muda.

"Mbona chini hivi? Siku hiyo ulikuwa umevaa nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nilikuwa nimevaa sweta langu la shule, lililokuwa limenibana mikono, na ndani yake sikuwa na blauzi kwa sababu ilikuwa imefuliwa na haikukauka. Nilikuwa na shimizi tu. Muuguzi aliniambia nivue. Niliangalia benchi, niliwaona wale wanaume, nikatikisa kichwa. Aliniambia tena, nikashika sweta kwa nguvu. Yule dada alinihurumia. Alisema basi haidhuru, akalisukuma lile sweta juu mpaka lilipokwama, akageuza mkono wangu, akachoma pale palipokuwa wazi.

Daktari alichukua kalamu akachora mstari kwenye mkono wake mwenyewe, kutoka bega kuzunguka nyuma hadi kwenye kidole gumba. Alisema hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaoinua kiganja, umelalia mfupa, na hauna nyama nyingi ya kuukinga. Chanjo ya mkono inachomwa juu, kwenye nyama nene ya bega. Dawa yenyewe haikuwa na kosa, akasema, hata yeye amechomwa, na watoto wake pia, na bila dawa hiyo pengine ule mguu ungeniua. Kosa ni mahali. Halafu akamgeukia mama.

"Mama, sasa ndiyo nakujibu wewe. Mtoto wako hakulaliwa na mtu. Aliona haya kuvua sweta."

Mama hakulia. Aliufungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena, kama mtu anayetafuta nauli. Kisha akauliza kama mkono utarudi.

"Sijui," daktari akasema. "Ungekuja ukiwa bado mpya ningekujibu kwa ujasiri. Tutajaribu."

Nilimuuliza, sijui nilitoa wapi hiyo sauti, kama basi ni kosa langu. Alikasirika kidogo. Alisema anayeshika sindano ndiye anayejua pa kuichoma, na kuweka pazia si kazi ya mgonjwa. Nilimsikia. Lakini kusikia ni jambo moja. Hadi leo nikivua nguo jioni nauona ule mkono wa sweta.

Alifanya zaidi ya kusikiliza. Alikwenda mwenyewe kule kliniki akaongea na wauguzi kuhusu pazia na kuhusu mahali pa sindano, na yule muuguzi akaomba kuniona. Alikuja kwenye chumba cha mazoezi akiwa na nguo za kawaida. Alininyoshea mkono wa kulia, akakumbuka, mkono wake ukabaki hewani. Daktari alituwekea viti akaenda kusimama dirishani.

"Nilikuonea huruma," muuguzi akasema. "Niliona unaaibika mbele ya watu. Nikasema wacha nisikuaibishe."

Nilimwambia najua. Yeye pia, niligundua, alikuwa mtu wa haya. Alikaa pale akitazama kiganja changu, kisha akaondoka. Sikuweza kumchukia, na hilo nalo lilinielemea. Nilikuwa nimemtunzia chuki kwa miezi mingi, na sasa sikuwa na pa kuipeleka.

Nilianza mazoezi. Daktari aliniundia gango la kushikilia kiganja kisianguke, kwa kipande cha bomba la plastiki kilicholainishwa kwenye maji ya moto na kufinyangwa kwenye mkono wangu. Kila mara nilipofika alianza kwa maswali yaleyale, nimelalaje, nimekula nini, nani amenisumbua. Hakuuliza habari ya mkono kwanza. Mwaka ukaisha. Kidole gumba kilitikisika mara moja, sote watatu tukakiona, mama akapiga magoti palepale kwenye mkeka wa mazoezi akaomba. Hakikutikisika tena.

Kisha siku moja nilifika nikakuta ameweka mezani karatasi yenye mistari na penseli, upande wa kushoto. Aliniambia tujaribu kuandika jina langu. Alisema kwa uchangamfu, kama jambo la kuongeza tu juu ya mengine. Lakini macho yake yaliiangalia penseli, hayakuniangalia mimi, na mtu aliyenizoeza kuangaliwa akiacha kuniangalia naona. Nikaelewa kwamba ule wa kulia amekwisha kuuaga. Niliandika jina langu. Lilikuwa kama la mtoto wa chekechea. Alinisifu. Nilimwambia asante, daktari.

Nilipita saluni siku hiyohiyo kwa kuwa sikutaka kufika nyumbani mapema. Nilisimama ngazini, mahali ambapo nikiingia wangeniona na nisipoingia wasingeniona. Mwenzangu alikuwa kwenye kichwa cha mteja na msichana mwingine upande wa kulia. Mikono yao ilikuwa imeshazoeana. Walikuwa wakipanda pamoja kuelekea utosini bila kuangaliana. Nikashuka.

Sasa niwaeleze kilichobaki. Mama ananiamini. Alikwenda kwa shangazi akamwambia, na kwa akina mama wa kanisa, mmoja mmoja, kwa uso mkavu. Jioni akirudi kutoka Mountain View ananikalisha, ananisugua mkono kwa mafuta ya moto, na ananiomba nimsimulie tena habari ya ile asubuhi. Anataka kujua muuguzi alisemaje, wanaume walikuwa wangapi kwenye benchi, ni nani aliyecheka. Kila jioni anauliza kana kwamba hakuwahi kusikia, na ni kweli, wakati ule hakusikia. Nilihitaji aulize hivyo miezi ile ya mwanzo, wakati mshipa bado ulikuwa mpya. Nampa majibu mafupi. Ananiambia, "Endelea, nakusikiliza." Nami sina tena hamu ya kusema. Naona kama anachimba shimo mahali ambapo maji yalikwisha.

Daktari anasema nisichoke, niandike, kwa kuwa wako watu wengine waliojeruhiwa na chanjo, wachache lakini wapo, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Ndiyo maana nimeandika. Kwa hiyo nawaomba mniandikie, kupitia mahali mlipoyapata maneno haya. Kama wewe ni muuguzi au daktari, niandikie unamwambia nini mtu siku unapojua huwezi kumrudishia. Kama wewe ni mama uliyechelewa kumwamini mtoto wako, niandikie alikusamehe vipi, kwa maana mama yangu hajaniomba msamaha, na akiniomba sijui nitasema nini. Na kama mkono wako ulikuwa umelegea kama wangu, mwaka ukapita, ukainuka, niandikie hata neno moja. Kama haukuinuka, pia niandikie. Sitajali mwandiko wako. Nitausoma taratibu mpaka mwisho.